Mtoto Amepotea, Mama Apige Hodi Mlango Gani?

Leo siwaletei habari. Ninawaletea maoni yangu, na nitayabeba mimi mwenyewe, si redio.

Asubuhi moja, baada ya habari za saa moja, mama mmoja alifika kunako redio hapa Bunia. Alikuwa ametoka kambini kwa miguu. Mkononi alishika picha ya binti yake wa miaka 14, ambayo aliikata kutoka picha ya familia. Aliomba tusome tangazo la kumtafuta. Mambo madogo nimeyabadilisha hapa ili familia hiyo isitambulike.

Binti aliondoka siku 11 kabla. Alikwenda na mwanamke aliyezoeleka kambini, anayepitaga na vitenge vya kukopesha. Mwanamke yule alisema kuna mgahawa upande wa machimbo ya dhahabu, wanatafuta wasichana wa kuosha sahani, mshahara ni dola 50 kwa mwezi, na shule zikifunguliwa mtoto atarudi na feza za masomo. Mama alikubali. "Ni mimi nilimfungia nguo," aliniambia. Hakulia. Nadhani alikuwa amelia vya kutosha njiani.

Nikamuuliza kama ameshitaki mahali. Kumbe alikuwa amepita milango mitano. Rais wa kamati ya kambi aliandika jina la mtoto ndani ya daftari, akamtuma kwa shefu wa kartie. Shefu naye aliandika jina, akamtuma polisi. Polisi waliandika jina, wakamwambia kwamba mtoto aliondoka kwa ruhusa ya mzazi, basi huo si utekaji nyara; na kama anataka wafuatilie, alete feza ya mafuta ya pikipiki. Biro moja inayohusika na watoto ilimwambia aandike barua. Biro nyingine ilimwambia kwamba wao wanashughulika na mpaka tu, na mtoto hajavuka mpaka.

Madaftari matano, jina moja. Na hakuna daftari hata moja lililojua kwamba mengine manne yapo.

Sisemi watu wale wote ni wabaya. Kila mmoja alifanya kipande chake, ao alidhani amekifanya. Lakini mwenye kuuza watu hafanyi kazi kwa vipande. Yeye ana mtu wake kambini, ana motari wake njiani, ana mwenye nganda kule machimboni, na wote wana simu, wanapigiana. Wao wameshapanga kazi yao pamoja. Viongozi wetu bado.

Wengi wetu tukisikia maneno "biashara ya watu" tunafikiria minyororo ya zamani, ao watu waliofungiwa ndani ya lori usiku. Ndiyo maana hatuitambui inapopita mchana mbele ya hema zetu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, inayojulikana kwa jina la Palermo, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2005, inaangalia mambo matatu. La kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea ao kumficha. La pili ni njia: nguvu, vitisho, uongo, ao kutumia shida aliyo nayo. La tatu ni lengo: kumnyonya, iwe katika umalaya, kazi ya lazima ao utumwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, lile jambo la pili halihitaji hata kuthibitishwa. Hata kama hakuna aliyemlazimisha, hata kama alipanda pikipiki akicheka, hata kama mama yake alimfungia nguo, ikiwa amechukuliwa ili anyonywe, hiyo ni biashara ya watu. Na kusafirisha si lazima kuvuka mpaka wa nchi. Kutoka kambi ya Bunia hadi machimbo ya Djugu inatosha. Kwa hiyo yule aliyemwambia mama "uliruhusu mwenyewe" alikosea, na yule aliyemwambia "hajavuka mpaka" alifunga mlango ambao ungeweza kufunguka.

Sisemi pia kwamba kila mtoto anayekaa kwa shangazi ameuzwa. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu nzuri, na wakati wa vita imewaokoa wengi. Tofauti iko wazi. Kwa shangazi, mtoto anakula pamoja na wengine, anasoma na wengine, na mama akipiga simu anapewa aongee naye. Kwa mnyonyaji, simu inazimika.

Sheria hatukosi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inakataza mtu kuwekwa utumwani na inakataza kazi ya lazima. Mwaka huohuo, tarehe 20 Julai, ilitoka sheria juu ya ubakaji na jeuri nyingine za kingono. Tarehe 10 Januari 2009 ikatoka sheria ya kulinda mtoto, ambayo inamhukumu miaka 10 hadi 20 ya kifungo mtu yeyote anayeandikisha mtoto jeshini ao katika kundi lenye silaha. Mwaka 2019 Rais wa Jamhuri aliunda chombo cha taifa cha kuzuia na kupiganisha biashara ya watu, APLTP. Na mwezi Desemba 2022, kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 ilirekebishwa ili biashara ya watu iwe na sheria yake yenyewe. Mtu asituambie tena kwamba tunangojea sheria.

Lakini kutoka Bunia hadi Kinshasa ni safari ya ndege. Mama yule alipita milango mitano, na hakuna hata mmoja aliyemtajia jina la chombo hicho cha taifa. Karatasi ilitiwa sahihi Kinshasa. Mtoto alipotea Ituri. Kati ya hayo mawili kuna nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo ndimo wanamopita wenye kuuza watoto wetu.

Na sisi wa Ituri, kuliko watu wa majimbo mengine, hatuna haki ya kusema hatukujua. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye, mwaka 2012, ilimhusu Thomas Lubanga, kwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya jimbo hili. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilimhukumu Bosco Ntaganda kifungo cha miaka 30, na kati ya makosa yake kulikuwa utumwa wa kingono. Wale kadogo wa mwaka 2002 na 2003 ni rika langu. Nilisoma na baadhi yao waliorudi. Wapo leo wanaoendesha motari hapa mjini, wapo wasiopenda kuulizwa kitu. Nao walichukuliwa hivyohivyo: wengine kwa nguvu, lakini wengine kwa maneno mazuri na sahani ya chakula.

Leo majina ya makundi yamebadilika, lakini mtoto bado ni mali ya kuchukuliwa. Wilayani Mambasa na Irumu, waasi wa ADF wanateka raia, wanawabebesha mizigo, na wasichana wanageuzwa wake za wapiganaji. Na pembeni ya hao wenye bunduki kuna wale wasio na bunduki, kama mwanamke wa vitenge, ambao hawaogopwi na mtu. Hao wa pili wanatembea kwenye barabara zetu, wanapita kwenye vizuizi vyetu, wanalala kwenye hoteli zetu ndogo, na wanatangaza kwenye redio zetu.

Ndiyo, kwenye redio zetu. Hapa lazima niseme jambo langu. Miezi michache kabla ya mama yule kufika, mtu alileta tangazo: wanatafutwa wasichana wa kazi ya mgahawa, umri miaka 15 na kuendelea, malazi ya bure, piga namba hii. Alilipa. Nilisoma tangazo lile mara sita, kwa sauti yangu nzuri ya asubuhi. Sikuuliza mgahawa uko wapi. Sikuuliza karatasi ya kazi. Sikuuliza kwa nini anayetafuta mwosha sahani anataka wasichana tu, tena wadogo. Sijui kama mtu yule ni mmoja na wale waliomchukua binti wa mama huyu, na siwezi kudai hivyo. Lakini nilipokuwa naandika tangazo lake la kumtafuta mtoto, nilisikia sauti yangu ile ya zamani kichwani, nikaona haya. Kwa hiyo ninapowanyoshea viongozi kidole, nafahamu kwamba mimi ni mlango wa sita.

Basi nini kifanyike? Mimi si mwanasheria. Nilisoma sekondari na mafunzo ya uandishi wa habari. Lakini nimezunguka kambi na barabara za jimbo hili miaka mingi, na naona mambo matano ambayo hayahitaji kungojea Kinshasa itume mamilioni.

Kwanza, mlango wowote uwe mlango. Mama akifika kwa shefu ao polisi, yule aliyempokea asimtume mahali pengine na miguu yake. Yeye mwenyewe apige simu kwa anayehusika, na kesi ipewe namba moja, ile ile kwa polisi, kwa parke, kwa biro ya mambo ya jamii na kwa kamati ya kambi. Daftari moja badala ya matano. Siku tatu za kwanza ndizo zenye thamani, kwa sababu mtoto bado yuko njiani. Mama yetu alizimaliza akitafuta ofisi.

Pili, kuwe na meza moja chini ya liwali wa jimbo, inayokaa kila juma kwa muda uliopangwa. Hapo wakae polisi wa kulinda watoto, parke, wahudumu wa uhamiaji wa DGM, mambo ya jamii, ukaguzi wa kazi, huduma ya machimbo, na shirika la raia. Lakini wasikae wenyewe. Wakae na wawakilishi wa kambi, chama cha wamotari, na wenye mitumbwi ya Ziwa Albert. Motari anajua alimbeba nani na akamshusha wapi. Yeye anajua kuliko karatasi yote ya serikali.

Tatu, vizuizi barabarani. Toka Bunia hadi Mongbwalu, toka Bunia hadi Mahagi, toka Bunia hadi Komanda, msafiri anasimamishwa, anaulizwa karata ya kura na wakati mwingine feza. Hakuna anayemuuliza mtu mzima: watoto hawa watatu ni wa nani, na mzazi wao ana namba gani ya simu? Maswali mawili tu. Wenye vizuizi wafundishwe kuyauliza, na wapewe namba ya kupiga jibu likiwa na kasoro.

Ine, machimbo na mpaka. Watoto hawana ruhusa ya kufanya kazi machimboni, na kila PDG wa shimo anajua hivyo. Ukaguzi usiishie kwenye mashimo, kwa sababu wasichana hawako shimoni. Wako kwenye nganda na vibanda vya pembeni. Tena tunapakana na Uganda kwa nchi kavu kule Mahagi na Aru, na kwa maji kule Kasenyi na Tchomia. Uganda ina sheria ya kupinga biashara ya watu tangu mwaka 2009. Wahudumu wa pande mbili wanafahamiana kwa majina, wanabadilishana habari za mizigo na ushuru. Wabadilishane pia habari za watoto.

Tano, mtoto akirudi, asilale kwenye kachot ya polisi kwa sababu eti hakuna mahali pengine. Na asiulizwe habari zake mara tano na watu watano. Jimbo letu linazo familia zinazokubali kupokea watoto waliotengwa na wazazi. Familia hizo zijulikane, zisaidiwe chakula, na mtoto asikilizwe mara moja, na mtu aliyefundishwa, mambo yake yaandikwe vizuri.

Najua majibu yatakayokuja. Mmoja atasema: kamati nyingine tena? Tumeona kamati zinazokula posho na kuandika ripoti. Ni kweli, nimehudhuria mikutano ya namna hiyo, nimekunywa soda zake. Ndiyo maana naomba meza hiyo ipimwe kwa hesabu moja tu inayosomwa redioni kila mwezi: watoto wangapi walitangazwa kupotea, wangapi wamepatikana, na kesi ngapi zimefika mbele ya mwamuzi. Kamati inayojua kwamba hesabu yake itasomwa hewani haitalala.

Mwingine atasema: tumalize vita kwanza. Tangu mwezi Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura, wanajeshi na polisi walichukua nafasi za viongozi wa kiraia, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai. Wazazi wengi hawajui hadi leo waende kwa mwendesha mashtaka wa kiraia ao wa kijeshi, na kutojua huko peke yake kunamfaidisha mhalifu. Lakini biashara ya watu haingojei vita viishe. Inakula ndani ya vita. Kila kijiji kinachokimbia kinaongeza kambi, na kila kambi ni soko kwa mwenye maneno matamu. Kama amri ya kijeshi inaweza kufunga barabara kwa saa moja, inaweza pia kuamuru madaftari matano yawe moja.

Wa tatu atasema: shida ni umaskini, wazazi wenyewe wanatoa watoto. Huyu anasema nusu ya ukweli. Mama yule alitoa mtoto kwa sababu mgao wa chakula kambini ulikuwa umepungua na shule ilidai feza. Lakini umaskini haujampakia mtoto kwenye pikipiki. Aliyempakia ana jina, na ana simu. Tusimfiche nyuma ya neno "umaskini", na wala tusimfunge mama aliyedanganywa tukamwacha aliyedanganya.

Mnataka kujua binti alipatikana? Alipatikana. Si kwa daftari lolote kati ya yale matano. Tulisoma tangazo siku nne mfululizo. Mama mmoja wa kanisa, kule machimboni, alisikia jina na umri, akamtambua msichana aliyekuwa anapita kuteka maji. Akaongea naye pembeni, akamwomba motari wa kwao ambaye ni mwamini mwenzake, na usiku mmoja wakamrudisha. Ilikuwa imepita zaidi ya mwezi. Aliyoyapitia sitayasimulia, ni yake. Siku hizi anakaa karibu na mama yake na hapendi mtu amguse begani.

Mwanamke wa vitenge hajaulizwa swali hata moja. Hakuna faili yenye jina lake. Nimeambiwa ameonekana kwenye kambi nyingine, na vitenge vyake. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Kwa wazazi mlioko kambini, kabla serikali haijakaa kwenye meza moja, fanyeni haya. Mtu akileta kazi kwa mtoto wenu, mwambieni aje mbele ya kamati, aonyeshe karata yake ya kura, na muandike jina, namba ya simu, mahali pa kazi na jina la motari atakayewabeba. Mwenye nia njema hatakataa. Mwenye haraka, mwombeeni safari njema aende peke yake. Mtoto afundishwe kwa kichwa namba moja ya simu ya nyumbani. Na ikiwa ameshaondoka na simu imezimika, msione haya, msingojee juma. Njooni siku ileile, kwa shefu, kwa polisi, na kwetu redioni. Tangazo la kumtafuta mtoto kwangu halilipiwi. Na tangazo la kazi, kuanzia sasa, sitasoma bila kujua mgahawa uko wapi.

Kwa viongozi wetu: mama huyu alipita milango mitano kwa miguu, na tumbo tupu. Hamwombi mjenge mlango wa saba. Anaomba mliomo ndani muongee.